Mafuta ya samaki: je, yanarudisha ujana?

Ndugu musomaji, ingia siku moja katika farumasi ya muji wako, ikiwa Likasi, ikiwa Kolwezi, ikiwa Lubumbashi. Karibu na dawa za malaria utaona kichupa chenye kapsule za rangi ya zahabu. Juu yake kumeandikwa: omega-3. Muuzishaji atakuambia: "Mama, hii ni mafuta ya samaki. Inasafisha damu, inafungua bongo ya mutoto, inarudisha nguvu ya muzee." Kiisha atataja bei. Na wewe uliye na baba anayeanza kusahau majina ya wajukuu, ao mutoto anayeshindwa na masomo, utatia mukono katika mufuko.

Mbele ya kutoa ile feza, keti kidogo, tuzungumze. Katika mambo anayosema muuzishaji, mengine ni kweli, mengine ni nusu ya kweli, na mengine ni biashara tu. Mutu wa jamaa anapashwa kujua tofauti, juu feza ya kichupa kimoja ni feza ya mboga ya siku nyingi.

OMEGA-3 NI KITU GANI?

Mafuta haiko ya namna moja. Kuna mafuta ya mawese, ya karanga, ya nyama, ya samaki. Kila moja iko na kazi yake ndani ya mwili. Omega-3 ni jina la kundi moja la mafuta ambayo mwili wetu hauwezi kuyatengeneza wenyewe tangu mwanzo. Lazima yatoke katika chakula.

Katika kundi hili tukumbuke watatu. Wa kwanza anaitwa ALA. Yeye anapatikana katika mimea, na kidogo katika majani ya mboga. Wa pili ni EPA na wa tatu ni DHA. Hawa wawili wanatoka zaidi katika samaki. Mwili unaweza kugeuza ALA kuwa EPA na DHA, lakini kidogo sana. Ndiyo maana samaki wanasifiwa.

Jambo la kushangaza: samaki wenyewe si mafundi wa mafuta hayo. Wanaoyatengeneza ni mimea midogo sana ya maji, ile isiyoonekana kwa macho. Vidudu vya maji vinakula mimea hiyo, ndakala wanakula vidudu, samaki wakubwa wanakula ndakala, na mwishoni wewe unakula samaki pamoja na bukari. Mafuta yale yamesafiri njia ndefu mpaka kufika katika sahani yako.

HABARI HII ILIANZIA WAPI?

Katika mwaka 1970, waganga wawili wa Danemark, Hans Olaf Bang na Jørn Dyerberg, walisafiri mpaka Groenland, inchi ya barafu kaskazini ya dunia. Kule watu wa kabila la Inuit walikula nyama ya mbwa wa bahari, ya nyangumi, na samaki. Mafuta mengi kabisa! Lakini walipopima damu yao, waliona mafuta mabaya ya damu yalikuwa machache kuliko kwa watu wa Danemark. Wakatangaza habari hiyo katika 1971. Tangu siku ile dunia ikaanza kusema: mafuta ya samaki yanalinda moyo.

Lakini mutu mwenye akili anauliza tena. Katika 2014 waganga wa Kanada walisoma upya zile kazi za zamani, wakaona kwamba ugonjwa wa moyo kwa wale Inuit haukuhesabiwa vizuri. Watu walizani tu kwamba ni muchache.

Majaribio mengine yakafwata. Katika inchi ya Wales, katika 1989, wanaume 2 033 waliotoka kupata shambulio la moyo walifwatwa kwa miaka miwili. Wale walioshauriwa kula samaki wa mafuta mara mbili kwa juma walikufwa wachache kuliko wengine, upungufu wa 29 kwa mia. Habari njema! Lakini katika 2018 Marekani ilitoa majibu ya jaribio kubwa zaidi: watu 25 871, nusu yao walimeza gramu moja ya omega-3 kila siku, nusu kapsule ya bule, karibu miaka 5. Katika hesabu kubwa ya magonjwa ya moyo na ya kansere, tofauti haikuonekana wazi. Wale tu waliozoea kula samaki kidogo walionekana kupata faida fulani kwa moyo.

Unaona, ndugu musomaji? Anayekosa, anafaidika akipewa. Anayeshiba, hata ukimuongezea, haoni kitu. Ni sawa kumwangilia shamba maji: shamba kavu linafurahi, shamba lenye kujaa maji linaoza.

MOTO MUDOGO NDANI YA MWILI

Ukijikata kidole, pale panavimba, panakuwa na moto, panauma. Huo ni mwili unaopigana na mikrobe na kutengeneza kidonda. Kazi ikiisha, moto unazima. Ni vizuri.

Lakini mutu akizeeka, mara nyingi moto mudogo unabakia ndani ya mwili bila kuzimika. Hausikii, hauoni, lakini unachoma polepole: mishipa ya damu, viungo, hata bongo. Kazi moja ya EPA na DHA ni hii: mwili unazigeuza kuwa vitu vinavyosaidia kuzima moto ule wakati kazi yake imekwisha. Hapo njo wanasayansi wakauliza: je, mafuta haya yanaweza kupunguza mwendo wa uzee?

Katika Uswisi, profesa mumoja mwanamuke, Heike Bischoff-Ferrari wa universite ya Zurich, alifanya jaribio kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Katika mwezi wa pili 2025 majibu ya wazee 777 yalitangazwa. Kwa miaka mitatu wengine walimeza gramu moja ya omega-3 kila siku, wengine vitamini D, wengine walifanya mazoezi ya mwili nyumbani mara tatu kwa juma, wengine vitu vyote pamoja. Kiisha walipima "saa ya mwili". Hii si saa ya mukono. Ni alama ndogo zinazokaa juu ya ADN yetu na zinazogeuka kadiri tunavyozeeka. Kwa kuzisoma, waganga wanakadirisha mwili umechoka kwa kiasi gani.

Walitumia saa nne za namna hiyo. Tatu zilionyesha kwamba wale wa omega-3 walizeeka polepole kidogo. Kidogo namna gani? Kati ya miezi karibu mitatu na miezi karibu minne, katika miaka mitatu. Na katika saa moja, wale waliounganisha omega-3, vitamini D na mazoezi walifaidika zaidi.

Basi, usiseme ni bule, na usiseme ni mwujiza. Miezi mitatu si ujana kurudi. Tena kumbuka: katika 2020, jaribio hilo lenyewe, lenye wazee 2 157 wa inchi tano za Ulaya, lilitoa majibu juu ya mambo ambayo mutu anayaona kwa macho: kuvunjika mifupa, tansio, nguvu ya miguu, akili. Pale omega-3 haikuonyesha tofauti kubwa. Saa ya mwili iligeuka kidogo. Maisha ya kila siku hayakugeuka sana.

WAGENI WANAOKAA TUMBONI

Sasa tushuke tumboni. Ndani ya utumbo mukubwa wa kila mutu kunakaa mikrobe mabilioni na mabilioni. Usiogope! Wengi wao si adui. Ni sawa wapangaji wanaolipa nyumba vizuri: unawapa chakula, wao wanatengeneza vitamini fulani, wanafukuza mikrobe mibaya, na wanatoa kitu kinachoitwa butirati, ambacho ni chakula cha ngozi ya ndani ya utumbo. Ngozi hiyo ikiwa na nguvu, uchafu haupiti kuingia katika damu. Ikizoofika, uchafu unapita, na ule moto mudogo tuliousema unawaka zaidi.

Je, mafuta ya samaki yanasaidia wapangaji hao? Katika Uingereza, mwaka 2017, walipima wanawake 876 mapacha. Wale waliokuwa na omega-3 nyingi katika damu walikuwa pia na mikrobe ya namna nyingi zaidi, na hiyo ni alama nzuri ya afya. Katika 2018, tena Uingereza, watu 22 wenye afya walipewa gramu 4 kila siku kwa majuma 8. Hesabu kubwa ya mikrobe haikugeuka, lakini makundi fulani ya faida, kati yao wanaotoa butirati, yaliongezeka. Walipoacha mafuta, mambo yakarudi sawa zamani. Watu 22 ni wachache. Tusipige tarumbeta kwa nguvu.

Sikia basi habari nyingine inayotugusa sisi Waafrika. Katika 2015 profesa Stephen O'Keefe alibadilisha chakula cha watu wa makundi mawili kwa majuma mawili tu. Wamarekani weusi 20 walipewa chakula cha kijiji cha Afrika ya Kusini: mahindi, kunde, mboga, nyuzi nyingi. Wanakijiji 20 wa Afrika ya Kusini walipewa chakula cha Marekani: nyama na mafuta mingi, nyuzi kidogo. Katika majuma mawili, tumbo la Wamarekani likatulia na butirati ikaongezeka mara mbili na nusu. Tumbo la wanakijiji likaanza kuonyesha alama mbaya, zile zinazotangulia kansere ya utumbo.

Somo ni wazi. Chakula kikubwa cha mikrobe ya tumbo si mafuta, ni nyuzi za mimea. Sombe, matembele, lengalenga, kunde, bukari ya unga usiokobolewa sana: hiyo njo karamu yao. Na munkoyo wetu, ukitengenezwa kwa maji safi, unaleta mikrobe ya faida. Kijana anayeona haya kula sombe na kutamani mukate mweupe na soda kila siku, anafukuza wapangaji wazuri katika nyumba yake.

KUTOKA TUMBONI MPAKA BONGO

Kati ya tumbo na bongo kuna neva kubwa moja, ni sawa na waya ya telefone. Habari zinapanda na kushuka muchana na usiku. Ndiyo maana ukipata woga, tumbo linauma. Na tumbo likiharibika, roho pia inachafuka.

Bongo yenyewe ni kiungo cha mafuta. Ukitoa maji, zaidi ya nusu ya uzito unaobaki ni mafuta, na DHA iko na nafasi kubwa ndani yake, vilevile katika jicho. Mutoto anaanza kukusanya DHA hiyo zaidi katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na anaendelea mpaka miaka yake miwili ya kwanza. Anaipata wapi? Katika damu ya mama, kiisha katika maziwa ya mama. Mama akila samaki, maziwa yake yako na DHA zaidi.

Hapa faida inaonekana wazi kuliko kwa wazee. Katika 2018 waganga walikusanya majaribio 70 yenye wanawake wa mimba karibu 20 000. Kwa wale waliopata omega-3, watoto waliozaliwa mapema sana, mbele ya juma la 34, walipungua kutoka karibu 46 mpaka 27 katika kila watoto elfu moja. Kila mama aliyemulinda mutoto mudogo sana katika kuveze anajua uzito wa hesabu hiyo.

Na wazee wanaosahau? Katika Ufaransa, waganga wa Toulouse walifwata watu 1 680 wa miaka 70 na zaidi, muda wa miaka mitatu. Walitangaza majibu katika 2017: kapsule za omega-3 hazikuzuia akili kupungua. Kwa hiyo muuzishaji akikuambia kwamba kichupa kitarudisha akili ya baba, usimuamini.

KAPSULE AO SAHANI?

Tufanye hesabu. Kapsule ya kawaida ya miligramu 1 000 za mafuta ya samaki inabeba karibu miligramu 300 tu za EPA na DHA pamoja. Kipande kizuri cha chinchard, ile samaki ya barafu inayotoka Namibia, kwa kawaida kinashinda kapsule hiyo. Tena kinakupa protini, na kinashibisha. Kapsule haishibishi mutu.

Ndakala na fretin wakavu wa Tanganyika na wa Moero wako pia na DHA, na ukiwatafuna wazima unapata kalsiamu ya mifupa yao. Kwa sababu ni wadogo na hawaishi miaka mingi, hawakusanyi zebaki nyingi kama samaki wakubwa wanaokula wenzao. Hawa ni mali yetu. Kati ya 1958 na 1960 walichukua samaki wadogo kutoka Tanganyika kuwapeleka ziwa Kivu, na mpaka leo watu wa Bukavu na Goma wanawala kwa jina la sambaza.

Kapsule pia iko na hatari yake. Katika majaribio makubwa ya 2018 na 2020, watu waliomeza gramu 4 kwa siku walipata zaidi shida ya moyo kupiga bila mupango. Na mafuta ya ini la samaki yanabeba vitamini A nyingi. Mama wa mimba asiyameze bila shauri la munganga, juu vitamini A ikipita kipimo inaweza kumuumiza mutoto tumboni.

NA SAMAKI WA MITO YETU?

Hapa tuseme kweli, sisi watu wa migodi. Katika 2009, waganga wa universite ya Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda, chini ya kilometa 3, wako na kobalti nyingi katika mikojo yao kuliko wanaokaa mbali. Ziwa Tshangalele, lililozaliwa na barraji ya Mwadingusha juu ya Lufira, linapokea maji machafu ya upande wa Likasi. Walipopima samaki wa pale walikuta metali ndani yao. Na jirani zetu wa Zambia hawasahau tarehe 18 ya mwezi wa pili 2025: ukuta wa bwawa la taka za mugodi ulivunjika, asidi ikaingia katika mito inayolisha Kafue, samaki wakakufwa.

Je, tuache samaki? Hapana. Tuchague. Usivue wala usinunue samaki wa muto unaopokea maji ya kiwanda ao ya kusafisha mawe. Usiokote samaki waliokufwa wenyewe wanaoelea. Ukiwa na samaki usiyejua vizuri anatoka wapi, ondoa matumbo, ini na matamvua, juu metali inakaa zaidi pale kuliko katika nyama. Wale wadogo wanaoliwa wazima, tafuta wanaotoka mbali na migodi. Muulize muuzishaji bila haya: "Mama, samaki hii inatoka wapi?"

MUZEE ANAYESAHAU SI MULOZI

Kuna jambo moja zito, hatuwezi kulinyamazia. Katika jamaa fulani, muzee anaanza kusahau. Anauliza swali moja mara kumi, anapotea njia ya nyumbani, anaamka usiku na kutembeatembea. Watoto wananunua kapsule mwezi wa kwanza, mwezi wa pili. Hakuna kitu kinachogeuka. Kiisha mutu mumoja anasema polepole: "Huyu ni mulozi." Na muzee aliyewalisha kwa jasho la mugodi anafukuzwa nje.

Ndugu, huo ni ugonjwa wa bongo, si ulozi. Unapatikana Ulaya, Amerika, Azia, kila mahali ambapo watu wanazeeka. Katika 2024 wataalamu wa gazeti la waganga The Lancet walihesabu mambo 14 yanayoongeza hatari yake, wakasema kwamba karibu 45 kwa mia ya ugonjwa huo ungeweza kuzuiwa ao kucheleweshwa. Kati ya mambo yale kuna tansio, ugonjwa wa sukari, tumbako, pombe nyingi, masikio yasiyosikia, upweke, na kukosa masomo katika utoto. Upungufu wa kapsule haumo katika liste ile.

Basi feza ya kichupa, itumie kumupeleka baba kupimwa tansio na sukari. Keti naye, umuulize habari za zamani, umuchukue kwa mukono mutembee pamoja. Dawa hiyo haiuzishwi katika farumasi.

MASHAURI KWA JAMAA

1. Kula samaki mara mbili kwa juma, hata kipande kidogo. Mama wa mimba na anayenyonyesha wapewe wao kwanza, si baba peke yake.
2. Pika kwa maji, kwa nyanya, ao ndani ya majani. Usikaange mpaka samaki awe makaa. Kunywa na muchuzi.
3. Ndakala wakavu wakae pahali pakavu, mbali na jua. Wakinuka mafuta ya kuoza, tupa.
4. Makayabu iko na chumvi nyingi. Iloweke na kumwaga maji mara kadhaa, zaidi kama kuna mutu wa tansio nyumbani.
5. Kila siku mboga ya majani na kunde, kwa ajili ya wapangaji wa tumbo.
6. Mwenye kumeza dawa ya moyo ao ya kupunguza nguvu ya damu asianze kapsule bila kumuuliza munganga.
7. Tembeeni. Wazee na vijana. Wale wa Uswisi walipata faida zaidi kwa kuunganisha mambo, si kwa jambo moja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na ninyi vijana, musizani habari hii ni ya wazee tu. Uzee unatengenezwa tangu sasa, katika sahani, katika masomo, katika kukataa tumbako na lutuku. Jumapili hii, yule mumoja kati yenu anayekaa na babu, amupelekee ndakala wenye kupikwa vizuri, na aketi naye mpaka sahani iishe.